Baada ya "Nzuri"

Mzee alipandia Weruweru akiwa amekumbatia ndoo ya plastiki iliyojaa miche. Kosta yetu ilikuwa imetoka stendi ya Moshi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na abiria aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshuka hapo hapo, kwa hiyo siti ilikuwa wazi. Konda alitaka ndoo iende nyuma kwenye mizigo. Mzee akakataa kwa upole. Akakaa, akaipakata, akaanza kuhesabu viriba kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka kumi na mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri."

Kwa miaka mingi ya maisha yangu mazungumzo kama haya yangeishia hapo. Ningeshachomeka waya za simu masikioni na kugeukia dirisha, nikijiona nimetimiza adabu zote. Safari hii sikugeuka. Nilikaa tu, nikiangalia majani yale ya kijani kilichoiva yakitikisika kila gari ilipopita tuta. Tulipofika Kwa Sadala, mzee akasema, kama vile sentensi yake ilikuwa haijaisha: "Nzuri, ila jua la leo naliogopea hii miche."

Hiyo "ila" ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Watu huniuliza nimejifunzaje kuongea na watu nisiowajua, hasa wale walionifahamu zamani nikiwa mtu wa kujificha nyuma ya kanga ya mama, na jibu langu lote lipo ndani ya hilo neno dogo.

Fikiria jinsi tunavyosalimiana. "Hujambo" ukiichambua ni swali la kukanusha: huna jambo? Na jibu ni "sijambo", sina jambo. "Habari za nyumbani?" Nzuri. "Za watoto?" Nzuri. "Za kazi?" Nzuri. Jibu limeshapangwa kabla ya swali kuulizwa, na hata mwenye msiba huanza na nzuri. "Habari za huko?" "Nzuri tu, ila mama amelazwa." Mgeni wa lugha anaweza kushangaa, nzuri gani hiyo na mama yuko wodini? Sisi hatushangai. Tunatanguliza amani ndipo tulete jambo. Nzuri ni mkeka unaotandikwa kwanza. Mtu anayeondoka baada ya kutandikiwa mkeka hajafika kwa mwenyeji wake bado.

Na mikeka yenyewe haifanani, ukiwa na sikio utaisikia. "Nzuri!" ya haraka ni ya mtu anayewahi. "Nzuri tu" ina kitu. "Salama kidogo" ina kitu kikubwa zaidi. "Tunasukuma siku" au "tunamshukuru Mungu" inayotoka pamoja na pumzi ndefu, hapo mtu amekufungulia mlango kabisa, kazi yako ni kutoupita. Nasema hivi kwa sababu nimeipita milango hiyo mingi mno, na mingine nikiikumbuka hadi leo inaniuma.

Mama yangu aliuza ndizi soko la Mbuyuni, hapa Moshi, tangu mimi sijaanza shule. Likizo nilikaa naye kwenye gunia nyuma ya mikungu. Wauzaji wengine walisifia bidhaa kwa sauti. Mama alimwacha mteja ashike ndizi, apapase, kisha anamuuliza: "Leo unapika nini?" Mtu akisema mtori, mama anamvutia ndizi za mtori. Halafu linakuja swali lake la pili, "Mko wangapi nyumbani?", na mara nyingi mteja alijikuta anaeleza kuwa mume yuko safari, kuwa wifi amekuja na watoto wawili, kuwa bibi hali tena chakula kigumu. Mama akisikia wako wachache anasema, "Basi usibebe mkungu mzima dada, zitakuivia zote kwa mpigo." Anampunguzia mauzo yake mwenyewe. Mteja yule alirudi wiki ijayo, na wiki ijayo mama alimuuliza bibi anaendeleaje. Watu asiowajua aliwaita "ndugu", mazoea ya kizazi chake kilichokua baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wakati "ndugu" ilikuwa ndiyo namna ya kumwita kila mtu, waziri na mfagizi. Mimi ninaipenda sana ile "ndugu" ya mama. Leo tuna "boss", "kiongozi", "mkuu", na sijui kama mtu anayeitwa mkuu anaweza kujibu chochote zaidi ya nzuri.

Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa mtoto wa kusalimia na kukimbia. Shangazi zangu walisema naringa, na hilo neno lilinifuata mpaka sekondari: anaringa, anajisikia, anajiona. Natamani kila mzazi anayesoma hapa asikie hili. Mtoto mkimya mara nyingi haringi hata kidogo, anahesabu. Anahesabu nani atacheka akikosea, atasimama wapi, atasema nini baada ya shikamoo. Mimi nilihesabu mpaka mtu anaondoka. Niliamini uchangamfu ni kama urefu, umezaliwa nao au huna, na kwamba wote wenye nao waligawiwa maneno mengi kuliko mimi.

Kilichonibadilisha ni benchi la hospitali.

Mama aliugua mwaka 2016 na ikabidi apasuliwe. Kaka yangu alikuwa Mwanza, baba alishafariki, kwa hiyo mwangalizi wa mgonjwa nilikuwa mimi. Siku tatu nilikaa kwenye benchi moja la mbao nje ya wodi, mgongo ukutani, na sikusema na mtu. Nilisalimia kila aliyekaa. Nzuri, nzuri, nzuri. Katikati ya siku hizo tukaambiwa tutafute ndugu wa kuchangia damu kabla ya upasuaji. Mimi nilipimwa, damu yangu ikaonekana haitoshi. Nikarudi benchini na karatasi mkononi, nikawa nahesabu risiti moja moja, si kwa sababu ya hela, ila mikono ilitaka kazi.

Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo mwenye kitenge cha bluu na chupa ya chai. Alinitazama kwa muda. Akasema:

"Ama kweli Mchaga ni Mchaga. Hata hospitali anahesabu hela."

Kwa asiyejua, hiyo ni dharau. Kwetu niliinua kichwa nikajua mara moja huyu ni Mpare, na kabla sijafikiri mdomo ulishajibu: "Na wewe Mpare umekuja kumshtaki nani, daktari au nesi?" Akacheka mpaka akaweka chupa chini. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tulipofika.

Utani wa Wachaga na Wapare ni wa zamani, kama ulivyo utani wa makabila mengine mengi ya nchi hii. Sisi tunasemwa kwa kupenda hela, wao kwa kupenda kesi. Watu huuchukulia kama vichekesho vya msibani, ambako mtani anaweza hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Siku ile nikaona kazi yake nyingine. Utani ni ruhusa. Wazee wetu walijua kwamba watu wa mlima na watu wa Upareni watakutana njiani, sokoni, kwenye vifo, bila kujuana, wakawaachia sentensi ya kwanza iliyo tayari. Huhitaji kuzaliwa mchangamfu. Unahitaji kujua mwenzako ni wa wapi.

Baada ya kucheka akamimina chai kwenye kifuniko, akanipa. Halafu akauliza, bila utani tena: "Haya, habari za mgonjwa?"

"Nzuri."

Akasubiri. Sitasahau jinsi alivyosubiri. Hakuangalia simu wala mlango wa wodi. Aliniangalia kama mtu anayejua sentensi haijaisha.

"Nzuri, ila hatujapata damu."

Jioni ile mwanawe, aliyekuwa fundi magari mjini, alikuja na mwenzake wa gereji. Wakatoa damu wote wawili. Chupa mbili, kwa ajili ya mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona. Mama yangu yupo leo, anapanda mchicha kwenye ndoo nyuma ya nyumba.

Nimeandika kuhusu siku ile mara nyingi kichwani na kila mara narudi kwenye kile kimya chake. Maneno yake ya kuchekesha yalifungua, lakini kilichonitoa ndani ni kule kusubiri.

Miaka michache baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa Marekani. Waliwafuata abiria wa treni huko Chicago, wale wanaokwenda kazini asubuhi. Wengine wakaambiwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao na mawazo yao, wengine wafanye kama siku zote. Waliozungumza ndio walioifurahia safari zaidi. Na watu walipoulizwa kabla wabashiri, walibashiri kinyume, kwamba aliyekaa peke yake atafurahi zaidi. Kila mmoja alidhani mwenzake hataki kusemeshwa. Upo na utafiti mwingine, wa Erica Boothby na wenzake, uliotoka mwaka 2018: watu wawili wakimaliza kuzungumza kwa mara ya kwanza, kila mmoja hudhani mwenzake amempenda kidogo kuliko alivyompenda kweli.

Nilikaa na hayo siku nyingi. Wale wa Chicago walianza kutoka kwenye ukimya mtupu, hawana shikamoo ya kuanzia. Sisi tumerahisishiwa ile hatua ngumu. Kwenye Kosta ya watu 30, kimya bila salamu ndicho kinachohitaji maelezo. Na bado, ninaposafiri Moshi kwenda Arusha, kilomita 80 hivi, naona watu wanasalimiana vizuri kabisa kisha wanakaa bega kwa bega saa mbili bila neno, kila mmoja akidhani mwenzake ametosheka.

Lazima nizungumzie woga, maana una sababu. Arusha ni mji unaoishi kwa wageni. Watalii wa Serengeti na Ngorongoro wanapitia pale, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, na kuanzisha mazungumzo ni ajira ya watu. Simama dakika tano karibu na Mnara wa Saa ukiwa na begi mgongoni. Kijana atakuja na tabasamu, atakuuliza unatoka wapi, mara ni safari, mara ni picha za kuchora, mara ni kubadilisha hela. Simlaumu, anatafuta mkate wake. Ila mtu aliyezoea uchangamfu wa namna hiyo hujifunza kuufunga uso. Mimi huangalia kitu kimoja: jibu langu linakwenda wapi. Ukimwambia nimetoka msibani naye akaendelea na lile lile alilokuja nalo, hakuwa na haja na wewe.

Na kwa sisi wanawake kuna la ziada, na wanaume wanaosoma hapa naomba walisikie kwa uzito wake. Mwanamke akimsemesha mwanaume asiyemjua, wapo wanaosikia mwaliko. Nimeombwa namba ya simu kwa sababu ya kuuliza saa. Kwa hiyo naanza na jina la undugu, na nalichagua kwa makini. Mtu wa umri wa baba ni baba, sina wasiwasi. Wa rika langu ni kaka, na nalitamka kaka kwa namna ya kuweka mpaka. Akianza kulivuka, namgeukia mama aliye siti ya mbele nimsalimie yeye. Sijawahi kukosa mama wa kusalimia.

Huku kwetu njia rahisi kuliko zote ni "nyumbani ni wapi?" Siyo kabila gani, hilo huwa kali kwa mtu usiyemjua. Nyumbani. Mtu anaweza kuwa amezaliwa Dar es Salaam na bado atakutajia Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, na hata jina lake la ukoo litakuwa limekudokeza. Ukisikia Swai unawaza Machame, Lyimo unawaza Marangu, Tarimo unawaza Rombo. Kisha unamuuliza kama alipanda nyumbani Desemba. Mchaga ukimuuliza kuhusu Desemba amekwisha. Atakueleza foleni ya magari kutoka Dar, nani alichinja, nani hakuja na kwa nini. Mara nyingi "nani hakuja" ndiyo ila yenyewe.

Njia nyingine ni kuuliza kile mtu alichoshika. Mtu akibeba kitu mikononi badala ya kukiweka kwenye buti, kina habari. Au omba msaada mdogo wa kweli: nishikie hii, nisomee bei ile, niambie nishuke wapi. Nimegundua watu hupenda kuombwa kuliko kusifiwa.

Kuna swali nimeacha kuliuliza. Zamani nilikuwa nikimwuliza kila mama, "Una watoto wangapi?" Tunaliuliza wote, tunaona ni la kawaida. Siku moja kwenye daladala ya Majengo nilimuuliza dada mmoja tuliyekuwa tunaongea naye vizuri sana kuhusu bei ya mchele. Alinyamaza. Akasema, "Mungu hajanijalia," akageukia dirishani, na sikuwa na la kusema mpaka niliposhuka. Sasa naacha watoto waje wenyewe. Wakiwepo, watakuja tu, hakuna mama anayeweza kuongea dakika kumi bila kuwataja.

Na wapo wasiotaka kuongea. Nzuri yao imefungwa, na ni haki yao. Mtu anaweza kuwa ametoka zamu ya usiku, ana deni, ana maumivu ya jino. Nikisubiri kidogo na ila isije, namuacha apumzike, wala sijisikii vibaya kama zamani. Kumsumbua mtu aliyechoka kwa jina la uchangamfu ni ukosefu wa adabu.

Turudi kwa mzee.

Baada ya kusema anaogopea jua, nilimuuliza ni miche ya nini, ingawa majani niliyajua. "Kahawa," akasema, "ya vikonyo, ya pale Lyamungo." Vikonyo ni vipande vya mbuni vinavyooteshwa badala ya mbegu. Pale Lyamungo kuna taasisi ya utafiti wa kahawa, na akanieleza kwa utulivu wa mwalimu kwamba aina hizi zimechaguliwa kwa sababu zinahimili magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Mibuni ya baba yake, iliyopandwa enzi KNCU, chama cha ushirika wa wakulima wa kahawa, kikiwa na nguvu, ilikuwa ya aina ya zamani. Bila kupuliza dawa mara kwa mara matunda yanakauka meusi mtini. Wengi kijijini wameing'oa. Alinionyesha kidole gumba, ukucha umepinda. Akasema ni miaka ya kuchuma.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshapata somo zima la kahawa, na tulikuwa tumepita njia panda ya uwanja wa ndege, KIA. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Kama miche ni ya Lyamungo na shamba lake liko huko huko Hai, kwa nini anaipeleka Arusha? Nikamuuliza hilo.

Alikaa kimya mpaka karibu na Kikatiti.

"Nampelekea binti yangu. Ameolewa Akheri, kule Meru. Wa kiume ninao watatu, wote wako Dar, hakuna anayetaka kahawa. Huyu wa kike ndiye aliyekuwa akiamka na mimi kuchuma tangu mdogo. Ndiye aliyeomba."

Akapangusa vumbi kwenye jani moja.

"Kihamba siwezi kumpa, ukoo hautakubali. Miche naweza."

Sikumjibu haraka. Kila mtu wa mlimani anajua kihamba ni nini: shamba la nyumbani, makaburi ya wazee, kitu kinachotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na sisi mabinti tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Na mimi ni binti. Nilitaka kumwambia mambo mengi kuhusu sheria, kuhusu ukoo, kuhusu mama yangu na ndizi zake zilizotoka kwenye shamba lisilokuwa lake. Nilimuuliza tu binti yake anaitwa nani. Akanitajia, na akanieleza alivyokuwa anaimba akichuma, na alivyolia siku ya kufungashwa akishikilia mbuni mmoja nyuma ya nyumba. Hayo yalituchukua Maji ya Chai mpaka Usa River.

Tengeru konda aligonga bati. Mzee hakuweza kushuka na ndoo kwenye ngazi ile, kwa hiyo akanipa mimi, akashuka kwanza, nami nikaishikilia mapajani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani na udongo ulikuwa bado na unyevu. Alikuwa ameimwagilia alfajiri. Nikampitishia dirishani. Akaiweka chini, akainama, akaanza kuhesabu tena kwa kidole, na dereva akiwa anakanyaga mafuta mimi nilikuwa nahesabu naye kwa sauti kutoka juu: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili.